Bibi Harusi, Kobe na Mimi

Jumatatu, 9 Juni

Magari mawili uani kwetu! Sisi ambao hata baiskeli hatuna. Majirani wamechungulia mpaka shingo zimewauma. Nimefua nguo zilizokuwa safi, ili tu nionekane nikipita katikati ya magari na beseni langu.

Si yetu. Ni ya Tajiri, bosi wa mume wangu. Ameuza teksi zake kuukuu akanunua haya. Baba Kijino anasema ni magari mseto: yana injini ya petroli na mota ya umeme, zinapokezana kazi. Nikamwuliza, kama serikali ya mseto? Akasema ndiyo. Nikamwuliza, sasa mkubwa nani kati yao? Akaniomba chai.

Kijino ni mwanangu. Ana jino moja na analionyesha kama analiuza.

Gari la kwanza ni jeupe, refu, pua imechongoka, taa nyembamba kama macho yaliyopakwa wanja. Vishikio vya milango vimezama ndani, ukikaribia vinatoka vyenyewe kukusalimia. Tumelipa jina Bibi Harusi. La pili ni la rangi ya majivu, mgongo umevimba, taa kama macho ya mtu aliyeamshwa ghafla. Huyo ni Kobe.

Sasa balaa lenyewe. Baba Kijino ndiye dereva wa siku nyingi, kwa hiyo amepewa wiki nzima ayajaribu yote mawili, kisha achague. Litakalobaki litakuwa la dereva mwenzake, yule tunayemwita Miluzi kwa sababu mdomo wake hautulii. Jumapili Tajiri anakuja kukata shauri. Bibi Harusi atafanya safari za mbali na wageni wakubwa. Dereva wake ataondoka Jumatatu, tumwone tena Ijumaa. Kobe atazunguka hapa hapa mjini na kurudi nyumbani kila jioni.

Na Kijino ndiyo kwanza ameanza kusema "baba". Wiki iliyopita alimwambia mwuza maji. Jana aliuambia ufagio. Baba mtu akiwa wa Ijumaa kwa Ijumaa, mwanangu atakua akiuamkia ufagio.

Nataka Kobe. Na nitampata!

Kumwambia mume wangu wazi wazi asiende mbali? Hapana. Atasema namkata miguu. Na wifi atasema kaka yake ameoa kamba. Wifi ni dada wa mume wangu. Alikuja kwetu kulala siku mbili, wakati huo Kijino hana jino hata moja.

Jumanne, 10 Juni

Asubuhi nimeingia ndani ya magari yote mawili, Kijino mgongoni, kitambaa mkononi, nikijifanya nafuta vumbi. Kazi ya upelelezi.

Bibi Harusi, nje: hasemeki. Mlango unang'aa mpaka unajiona wewe na jirani wa nyuma yako. Wifi ameshahamishia kichana chake pale. Anakaa kwenye kigoda mbele ya gari na kujitazama kwenye boneti kama yuko saluni.

Bibi Harusi, ndani: jiko ambalo halijawahi kupikiwa. Kweusi, kugumu, kwa baridi. Mbele kuna kioo kikubwa kama sinia, na kila kitu kimefungiwa humo, hata feni. Ukitaka kupunguza baridi lazima ubofye, upekue, ubofye tena, utoke jasho, na hapo huhitaji tena kupunguza. Paa limeteremshwa nyuma kwa urembo, basi abiria wa nyuma anakaa kama anatafuta sindano sakafuni. Madirisha ya nyuma ni nyufa. Kijino aliona wingu moja, likapita, basi. Na buti, nusu yake imekaliwa na betri.

Kobe, nje: tusiseme mengi. Naye ni mtoto wa watu.

Kobe, ndani: weee! Viti vya kitambaa, laini kama mapaja ya bibi. Betri wameificha chini ya kiti cha nyuma, sakafu iko tambarare. Mlango unafunguka wote, unaingia na mtoto mgongoni bila kumgonga utosi. Kuna vifungo vya kweli, unaminya, feni inazunguka. Vishimo vya kuwekea vikombe kila mahali. Nilitia chupa ya Kijino katika kimojawapo, ikaenea kana kwamba walikuja kwetu kuipima.

Nimewaza hivi. Aliyemchora Bibi Harusi alikuwa amesimama nje. Aliyemchora Kobe alikuwa amekaa ndani, na alikuwa na mtoto.

Baba Kijino alinikuta huko akanionya: gari likiwa limewaka nisiguse kitu. Nikamwambia mimi si mjinga, gari likiwaka si nitalisikia?

Mchana nilikwenda kwa jirani yangu msusi, nikamweleza shida yangu. Alinicheka. Akasema mwanamume hasukumwi, anageuziwa, kama shati unapolipiga pasi. Ukimsifia hiki, atakitaka kile. Ukikitukana kile, ndiyo umemkabidhi. Jirani ameolewa mara tatu, kwa hiyo ana uzoefu.

Kinyumenyume! Mbona sikufikiria mwenyewe?

Jumatano, 11 Juni

Nimeanza. Wakati wa kula nilishusha pumzi ndefu nikasema, hilo jeupe, jamani, hilo jeupe! Mke ambaye mumewe anaendesha gari lile, akifa amekwisha kuishi.

Baba Kijino aliacha kutafuna.

Nikaongeza kwamba Kobe ana viti laini mno. Watu watalala humo, wapitilize kwao. Tena amejaa vishimo, kama nguo iliyoliwa na nondo. Tena mgongo wake unanitia huzuni. Nilisema yote hayo huku moyo unaniuma, maana Kobe alikuwa pale pale dirishani na macho yake yale ya mshangao.

Wifi akarukia. Akasema hata siku moja hajawahi kukubaliana nami, lakini leo nimesema neno. Bibi Harusi ndiye hadhi ya ukoo. Kaka yake akipita na gari lile, watu watauliza huyo ni nani, na wataambiwa ni kaka yake.

Baba Kijino akaniuliza kwa upole kama kweli nampenda Bibi Harusi kiasi hicho. Nikasema kupita kiasi. Akauliza, hata kama ni la safari za mbali? Nikacheka, nikasema ah, Ijumaa si mbali! Akaitazama sahani yake muda mrefu.

Anageuka! Nimeona kwa macho yangu. Jirani ni profesa.

Alhamisi, 12 Juni

Leo ametuzungusha sote. Kwanza Bibi Harusi, mpaka sokoni na kurudi. Kisha Kobe, njia ile ile. Mimi, wifi na Kijino kiti cha nyuma.

Kwenye tuta la kwanza Bibi Harusi alinigonga utosini kwa paa lake la urembo. Nikasema, raha iliyoje! Tuta la pili, puu! Nikasema, unaona gari linavyokukumbatia! Machozi yalinitoka, nikadai ni ya furaha. Kijino alilia kuanzia mlangoni petu mpaka sokoni. Nikasema anaimba. Wifi alikuwa amejikunja. Magoti yake yalikuwa karibu na masikio.

Tukahamia Kobe. Ah, Kobe wangu! Unaondoka husikii kitu, kama mtu anayetoka kanisani katikati ya mahubiri. Mbele kuna kioo kidogo chenye vishale: vinakwenda kwenye magurudumu, ukishuka kilima vinarudi kwenye betri. Kijino alivikodolea jicho, akapiga miayo, akalala. Mchana! Mtoto ambaye hajui usingizi wa mchana tangu jino lianze kumwasha! Nilimshika kidole chake kidogo nikamtazama njia nzima. Baba yake naye alikuwa anamtazama kwenye kioo cha juu, anaendesha polepole kama amebeba mayai.

Ikabidi niseme kitu kibaya. Nikasema gari hili linamfanya mtoto mvivu.

Hapo wifi akanisaliti! Alikuwa amenyoosha miguu, kajiegemeza, hewa ya baridi inampiga usoni kutoka kitundu cha nyuma. Akatangaza kwamba amebadili mawazo. Kaka, chukua hili la majivu. Lina nafasi. Hata masanduku yangu yataingia yote.

Sasa nifanye nini? Wifi anataka ninachokitaka! Mtu mwingine angenyamaza. Lakini mimi kukubaliana na wifi, mbele ya mume wangu, ndani ya gari lililofungwa madirisha? Aka! Nikamwuliza tangu lini anajua magari. Akaniuliza mimi nimejua tangu lini, tangu asubuhi? Nikasema mwenye macho haambiwi tazama gari jeupe. Akasema mwenye uvimbe utosini asitetee paa. Tulirushiana maneno mpaka nyumbani. Nilimpigania Bibi Harusi kuliko alivyopigania Kobe. Nilishinda.

Kijino aliamka, akamtazama baba yake, akasema "baba". Kisha akakiambia kishikio cha mlango.

Ijumaa, 13 Juni

Amekuja nyumbani mapema, uso unang'aa kama boneti. Akasema, Mama Kijino, kaa chini nikupe habari.

Nikakaa. Kobe, Kobe, Kobe.

Akaeleza. Jumatatu ile ile magari yalipofika, alishamwambia Tajiri kwamba anamtaka Kobe. Hakunishirikisha, alitaka anishtukize Jumapili. Yeye hakujali urembo. Alitaka tu awe anarudi jioni, ambebe Kijino, aonje mboga ikiwa ya moto.

Nilifungua mdomo niseme nakupenda.

Lakini, akaendelea, alipoona jinsi roho yangu ilivyomwangukia Bibi Harusi, hata nikamvaa dada yake kwa ajili ya gari lile, alihisi amekuwa mbinafsi. Basi leo amekwenda kwa Tajiri, amembembeleza, wamebadilishana. Miluzi amepewa Kobe. Bibi Harusi ni wake. Jumatatu anaanza safari.

"Kwa ajili yako," akasema. Na aliniletea kifuniko cha usukani, chekundu, nikishonee jina la Bibi Harusi.

Nikasema asante. Nikasema tena asante. Kisha nikaenda uani, mbele ya magari, kwenye pipa la maji la mwenye nyumba, nikalia humo mpaka nadhani maji yamekolea chumvi.

Sasa niende kumwambia kwamba wiki nzima nilikuwa nasema kinyume? Ataniona nimerukwa na akili. Na wifi atasikia, maana wifi husikia hata sukari ikiyeyuka.

Halafu likanijia wazo. Bibi Harusi ni mzuri kwa nje. Basi mimi nitamharibia ndani!

Jumamosi, 14 Juni

Nieleze kwa utaratibu.

Mpango ulikuwa safi. Soksi ya Kijino. Nimeilowesha maziwa yaliyochacha, nikaifunga kwenye mfuko usiku kucha. Asubuhi niipachike chini ya kiti cha dereva, mahali mkono wa mtu haufiki. Gari linuke. Kesho Tajiri aje, afungue mlango, azimie kidogo, aseme gari hili haliwezi kubeba wageni wakubwa, labda watu wa kawaida wa mjini. Hakuna anayeumia. Soksi inafulika.

Asubuhi Baba Kijino alikwenda uani, akakaa ndani ya Bibi Harusi kidogo, kisha akarudi ndani kutafuta viatu. Kijino akamdaka mguu. Nikawaacha wanacheza, nikatoka mbio na mfuko wangu.

Kwa mbele, kwenye kigoda, wifi anachana nywele. Amelipa pipa mgongo, amelipa gari uso. Nikamwambia nakuja kufuta vumbi. Akasema futa, lakini usitikise kioo changu.

Nikaingia upande wa dereva. Kimya. Kimya kabisa, kama kaburi. Mbele taa zinawaka, rangi rangi, na neno dogo la kijani la Kizungu. Nikadhani ni jina la gari. Taa zinawaka, ndiyo, hata nyumbani kwetu taa zinawaka na nyumba haiendi popote!

Nikainama. Kiti kiko chini kama mkeka. Nikakanyaga kitu ili nipate nguvu ya kujipenyeza, nikashika kitu kingine kilichochomoza ili nisianguke. Kile cha kushika kikasogea. Sawa. Nikasukuma soksi hadi mwisho. Nikanyanyua mguu.

Nikasikia wifi anasema taratibu, "Mbona nakua kiooni?"

Kisha akalisema tena kwa sauti kubwa sana.

Niliinua kichwa nikamwona amesimama juu ya kigoda, kichana kichwani, halafu hayupo, ameruka pembeni kama chura. Kigoda kikalia ka! Pipa likalia bwii! Bibi Harusi akasimama. Pipa halikusimama. Lilipinduka lote, maji yote, juu ya nywele zote za wifi zilizokuwa zimechanwa.

Kumbe limewaka! Gari limewaka na halisemi! Ni uungwana gani huo?

Baba Kijino alitoka mbio na kiatu kimoja, Kijino kwapani. Alinitoa, akanipapasa mikono, kichwa, akauliza nimeumia wapi. Sijaumia. Wifi hajaumia, ila ameloa hadi maneno. Pua ya Bibi Harusi ndiyo imeumia. Imeingia ndani, na jicho moja la wanja limetazama juu.

Akaniuliza nilikuwa nafanya nini. Nikasema nafuta.

Jumapili, 15 Juni

Tajiri amekuja. Ni mtu wa tumbo kubwa na maneno machache. Aliizunguka ile pua, akarudi akaizunguka tena kwa upande wa pili, kana kwamba ingekuwa nafuu huko.

Nilitaka kusema ni mimi. Kweli nilitaka. Lakini Baba Kijino alinitangulia. Akasema kosa ni lake, aliliacha limewaka akaingia ndani. Akasema na mkewe asilaumiwe, maana analipenda gari hili kupita kiasi, hata asubuhi na mapema alikuwa ndani analifuta. Alisema hivyo huku amenishika bega. Nilitazama vidole vyangu vya miguu.

Tajiri akafungua mlango, akakaa kwenye kiti cha dereva. Akanusa. Akanusa tena. Akauliza nani amefia humu.

Wote walimgeukia Kijino. Kijino akawaonyesha jino.

Tajiri akatoka, akajifuta paji la uso, akatoa hukumu. Pua ya gari hili lazima iagizwe ng'ambo, ije kwa meli, na hata anayeiuza hajui itafika lini. Wageni wake wakubwa hutazama pua kabla ya kiti. Hawezi kuwapokea na gari linalokonyeza mbingu, tena linanuka. Basi Bibi Harusi atazunguka mjini. Safari za mbali atakwenda Kobe. Angalau ndani yake mtu anakaa kama mtu, na nje watazoea.

Miluzi, aliyekuja na Tajiri, alishangilia kwa wimbo mzima. Baba Kijino akaniangalia kwa huruma, akaninong'oneza nisihuzunike. Pua ikija atamwomba Tajiri amrudishie safari zake za mbali.

Nikasema asiharakishe.

Jumatatu, 16 Juni

Jioni amerudi! Jua bado lipo! Gari liliingia uani bila sauti, jicho moja kwetu, jicho moja mawinguni. Ndani limeoshwa mara nne na bado unajua kuna mtoto aliyewahi kunywa maziwa. Abiria wake wa leo walifungua madirisha yote na kumsifu dereva kwamba anapenda hewa safi.

Nilimweka Kijino chini. Akatambaa moja kwa moja hadi kwenye ile pua iliyobonyea, akaweka kiganja chake ndani ya bonde, kikaenea. Akasema "baba".

Baba mtu akaitika "naam, mwanangu" kutoka upande wa pili wa boneti. Kijino akainua kichwa. Akamtazama yeye. Akasema tena.

Nililia kidogo. Si kwenye pipa, halipo.

Sasa nimekaa nikafikiria yaliyopita. Nilimtaka mume jioni nyumbani, na nimempata. Nani alisema Bibi Harusi ni mzuri? Mimi. Nani alimtukana Kobe? Mimi. Na leo Kobe yuko mbali, Bibi Harusi yuko uani. Kinyumenyume imefanya kazi kuliko hata nilivyopanga! Nimekwenda kumshukuru jirani, na kumwuliza kama inafaa kwa ndugu wa mume. Akasema hao ndio wepesi.

Kwa hiyo baada ya kula nimemwambia wifi, nyumba hii bila wewe ni gofu. Usituache. Kaa nasi hata miaka, chumba ni chako, Kijino amekuzoea. Nilimwambia kwa sauti tamu mpaka mwenyewe nikaamini.

Wifi amelia. Amenikumbatia, mara ya kwanza tangu niolewe. Amesema kesho alfajiri kaka yake ampeleke alikotoka, akachukue masanduku yake yaliyobaki na kitanda.

Anaondoka alfajiri! Nimeshinda tena.